Bega Linalouma na Mitoki Iliyovimba: Somo la Uchunguzi kwa Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Katika zahanati za mwambao wa Ziwa Tanganyika, maumivu ya bega ni malalamiko ya kila siku. Mvuvi wa dagaa amevuta wavu usiku kucha chini ya mwanga wa taa. Mbeba mizigo wa bandarini Kigoma amepandisha magunia. Mkulima wa Kasulu ametoka shambani. Mama wa Ujiji amejitwika ndoo tangu alfajiri. Kwa hiyo mgonjwa anapofika akiwa ameshika bega, sababu huonekana kujulikana kabla hajaketi. Hupewa dawa ya kutuliza maumivu na kushauriwa apumzike. Kwa wengi ushauri huo hutosha, na baada ya siku chache hurejea kazini.

Makala haya yanamhusu mgonjwa mwingine: yule ambaye, pamoja na maumivu ya bega, ana uvimbe shingoni, juu ya mtulinga au kwapani. Maumivu yake hayafanani na uchovu wa misuli. Huchoma kama moto, hupita kama umeme kuelekea mkononi, humwamsha usiku, na pengine huacha ganzi kwenye vidole. Mgonjwa huyu akipewa dawa za maumivu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu bila kuguswa shingo wala kwapa, huenda miezi ikapita kabla ugonjwa wake haujapata jina. Baadhi ya magonjwa tutakayoyataja hupona kabisa yakitibiwa mapema, na huacha ulemavu au kifo yakicheleweshwa.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza kutofautisha maumivu ya neva na maumivu ya misuli; kueleza kila kundi la tezi linapokea limfu kutoka sehemu gani ya mwili; kuyataja magonjwa yanayoweza kuleta dalili hizi mbili kwa pamoja katika mkoa wa Kigoma; na kuamua ni nani wa kutibiwa zahanatini, nani wa kupewa rufaa, na nani wa kuondoka siku hiyo hiyo.

Ramani ya kwanza: neva za bega na mkono

Neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazohudumia bega na mkono hutoka katika uti wa mgongo kupitia mashina matano: manne ya sehemu ya chini ya shingo na la kwanza la kifua. Mashina hayo huungana na kugawanyika tena katika mtandao unaopita nyuma ya mtulinga, juu ya ncha ya pafu, na kuingia kwapani. Njia hiyo ni nyembamba, na majirani wake ni wengi: mifupa ya shingo, ncha ya pafu, mishipa mikubwa ya damu na tezi za limfu. Jirani yeyote akivimba, neva hubanwa.

Kila shina lina eneo lake kwenye ngozi. Shina la nne la shingo, lililo juu kidogo ya mtandao huo, huhudumia sehemu ya juu ya bega. Shina la tano huhudumia upande wa nje wa mkono wa juu. La sita hufika kidole gumba. La saba hufika kidole cha kati. La nane hufika kidole kidogo. Na la kwanza la kifua huhudumia upande wa ndani wa mkono. Kwa sababu hiyo swali moja rahisi lina thamani kubwa: «Nionyeshe kwa kidole, maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi?» Anayeonyesha kuanzia bega hadi gumba na anayeonyesha kuanzia kwapa hadi kidole kidogo hawaumwi mahali pamoja, hata kama wote wawili wamesema, «Bega linaniuma.»

Maumivu ya misuli huongezeka mtu anapoutumia msuli huo na hupungua anapopumzika. Ukiubonyeza, mgonjwa husema, «Hapo hapo.» Maumivu ya neva hufuata mstari, huja hata mkono ukiwa umetulia, na mara nyingi huandamana na ganzi, kuchomachoma au udhaifu.

Tahadhari moja haina budi kutajwa hapa. Bega linaweza kuuma bila kosa lolote ndani ya bega lenyewe. Moyo unaokosa damu huuma kwenye bega na mkono, hasa wa kushoto. Damu iliyomwagika tumboni, kama mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka, huuma kwenye ncha ya bega, kwa kuwa neva ya kiwambo cha kifua hutoka shingoni karibu na zile za bega. Mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya ghafla ya ncha ya bega, kizunguzungu na tumbo linalouma asianze kupimwa mitoki. Apelekwe hospitali mara moja.

Ramani ya pili: tezi za limfu

Tezi za limfu, ambazo zikivimba watu wengi huziita mitoki, ni vituo vya ulinzi. Majimaji ya limfu hutiririka kutoka kila pembe ya mwili na kupita katika vituo hivyo kabla ya kurudi kwenye damu. Kikipita kijidudu au chembe ya saratani, kituo cha karibu ndicho hukipokea kwanza. Kwa hiyo tezi iliyovimba ni alama ya njiani, na chanzo hutafutwa katika eneo linalotiririkia tezi hiyo.

Tezi za nyuma ya shingo hupokea kutoka kichwani na kisogoni. Zile za chini ya taya na mbele ya shingo hupokea kutoka kinywani, kooni, kwenye meno na masikio. Za kwapani hupokea kutoka mkononi, begani, kwenye titi na ukuta wa kifua. Zile za juu ya mtulinga hupokea kutoka mapafuni na kifuani, na upande wa kushoto hupokea hata kutoka tumboni. Tezi ya juu ya mtulinga inayopapasika haihesabiwi kuwa ya kawaida kwa mtu mzima. Siku zote ina sababu, na sababu hiyo itafutwe.

Hali ya tezi nayo huzungumza. Iliyovimba kwa siku chache, inayouma na yenye joto, kwa kawaida imepokea bakteria kutoka kwenye kidonda. Zilizoungana kama shada, zisizouma sana, ambazo baadaye hulainika katikati na kutoboka, hutufanya tufikirie kifua kikuu. Zenye ugumu wa mpira, zinazoteleza chini ya kidole na kuongezeka, huleta wazo la saratani ya tezi zenyewe. Iliyo ngumu kama jiwe na iliyoganda mahali pake, hasa kwa mtu wa makamo, huenda imepokea saratani kutoka kwingine. Hizi ni dalili za kuelekeza tu. Uthibitisho hutoka maabara.

Kisa cha ziwani, mwaka 1858

Ziwa hili lenyewe limetupatia kisa cha kufundishia. Mwezi Februari 1858, wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji. Mwanzoni mwa Machi, Speke aliondoka kwa mtumbwi kuvuka ziwa. Usiku mmoja dhoruba ilipolivuruga hema lake, wadudu wadogo weusi walijaa ndani, na mmoja akamwingia sikioni. Alijaribu kumwua kwa siagi iliyoyeyushwa, haikufaa. Mwishowe akamchokoa kwa kisu kidogo. Mdudu alikufa, lakini sikio lilijeruhiwa.

Maelezo aliyoyaandika Speke mwenyewe yanafuata ramani yetu hatua kwa hatua. Sikio lilitunga usaha. Tezi kuanzia hapo hadi kwenye ncha ya bega zilivimba, na majipu yakajipanga upande mzima huo. Kwa siku kadhaa hakuweza kufungua kinywa, akaishi kwa mchuzi. Alibaki karibu kiziwi kwa miezi mingi, na miezi sita au saba baadaye vipande vya mdudu vilikuwa vikitoka pamoja na nta ya sikio.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza: bega na shingo ndivyo vilivyoonekana kuwa na ugonjwa, ilhali chanzo kilikuwa sikioni. Mganga ambaye angelipaka bega dawa angelitibu alama na kukiacha chanzo. La pili: kifaa kichafu kilichoingizwa mwilini ili kutoa ubaya kiliuongeza. Somo hilo la pili halijazeeka. Hadi leo tunawapokea wagonjwa ambao mitoki yao imechanjwa chale, imeumikwa kwa chuku au imekandwa kwa nguvu kabla ya kufika hospitali.

Magonjwa yanayoziunganisha dalili hizi mbili

Kidonda cha mkono. Hiki ndicho chanzo chepesi, na ndicho cha kutafutwa kwanza. Ndoana, mwiba wa samaki, kamba iliyochubua kiganja au ukucha uliotunga usaha hutosha kuvimbisha tezi za kwapa, na kwapa likivimba bega lote huuma. Mara nyingine mstari mwekundu huonekana ukipanda mkononi. Angalia katikati ya vidole na chini ya kucha.

Mkanda wa jeshi. Kirusi cha tetekuwanga hujificha katika mizizi ya neva kwa miaka mingi, kisha huamka na kufuata neva moja hadi kwenye ngozi. Maumivu ya kuchoma hutangulia, mara nyingi kwa siku kadhaa, kabla malengelenge hayajatokea. Tezi za karibu huvimba. Katika siku hizo za mwanzo mgonjwa ana bega linalochoma, mtoki unaouma, na ngozi isiyo na alama yoyote. Mwambie arudi mara moja akiona vipele, kwa sababu dawa ya asiklovia hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Kila mwenye mkanda wa jeshi ashauriwe kupima VVU, kwa kuwa kinga iliyodhoofika huufungulia ugonjwa huu mlango.

Kifua kikuu. Jina la ugonjwa huu huwapotosha wengi, wakadhani pasipo kikohozi hapana kifua kikuu. Nje ya mapafu, tezi za shingo ni miongoni mwa mahali unapopapenda zaidi. Ukiingia katika mifupa ya shingo, huiharibu, huzibana neva za bega, na kutengeneza jipu lisilo na joto ambalo hujitokeza shingoni kama uvimbe wa kawaida. Hapo ugonjwa mmoja umezaa dalili zote mbili. Homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito huongeza shaka. Majimaji yaliyonyonywa kwa sindano kutoka kwenye tezi hupimwa kwa hadubini na kwa mashine ya GeneXpert. Tanzania ina historia ya kujivunia katika jambo hili: Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977, ulikuwa uwanja ambamo Dkt. Karel Styblo na wenzake wa Kitanzania walijenga utaratibu wa dawa za muda mfupi zinazomezwa chini ya uangalizi, utaratibu ambao baadaye ulienea duniani. Dawa hutolewa bila malipo. Kifua kikuu cha tezi hutibiwa kwa miezi sita. Cha mifupa huweza kuhitaji muda mrefu zaidi. Mgonjwa aelezwe mapema kuwa tezi huweza kuvimba zaidi katikati ya matibabu kabla ya kupungua, ili asiache dawa akidhani hazimfai.

Malale. Hakuna ugonjwa ulioifanya tezi ya shingo kuwa maarufu katika maziwa makuu kuliko huu. Mwaka 1803 daktari Thomas Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone, alieleza uvimbe wa tezi za nyuma ya shingo kwa wagonjwa wa malale, na akaandika kuwa wafanyabiashara wa watumwa waliijua alama hiyo na kukwepa kuwanunua waliokuwa nayo. Mwaka 1904, nchini Uganda, Greig na Gray walionyesha kuwa vimelea huonekana katika majimaji yaliyonyonywa kwenye tezi hizo. Mwaka 1909 Friedrich Karl Kleine, akiwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania, alithibitisha kuwa vimelea hukua ndani ya mbung'o kabla ya kuambukiza. Katika miaka hiyo Wajerumani walifungua kambi za malale kwenye mwambao wa Tanganyika, na shingo za wanavijiji zikapapaswa ili kuwatafuta wagonjwa. Ndiyo maana ni haki kusema wazi: tezi ya shingo peke yake haithibitishi malale, na hakuna mtu anayestahili kupewa jina la ugonjwa kwa kupapaswa tu.

Malale ya Kigoma ni ya aina ya mashariki, ambayo huenda haraka, kwa wiki au miezi. Tezi zake huweza kuvimba chini ya taya, kwapani au kinenani kuliko nyuma ya shingo. Maumivu nayo yamo: daktari Mfaransa Jean Kérandel, ambaye mwenyewe aliugua malale, alieleza jinsi kugongwa kidogo kulivyomletea maumivu makali ya ndani, yakichelewa kidogo baada ya kugongwa. Mtu aliyeingia misituni kurina asali, kuwinda au kuchoma mkaa, mwenye homa isiyokoma, kidonda mahali alipoumwa na mbung'o, na tezi zilizovimba, achunguzwe damu kwa hadubini. Tukumbuke kuwa kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha vimelea vya malale. Zamani kioo cha damu kilichopimwa kwa ajili ya malaria kiliweza kuwafichua kwa bahati. Sasa anayepima kwa kipimo cha haraka peke yake hawezi kuwaona. Homa ikiendelea na kipimo cha malaria kikiwa safi, omba kioo. Matibabu yamerahisika: tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya feksinidazoli hata kwa malale ya aina ya mashariki, kwa mgonjwa aliyetimiza miaka sita na kilo 20. Kila siku inayookolewa ni ya thamani, kwa sababu bila tiba ugonjwa huu huua.

Ukoma. Hapa pana mtego wa vidole. Neva inayopita pembeni mwa shingo chini ya sikio huweza kuvimba na kudhaniwa kuwa tezi. Tezi ni ya mviringo. Neva ni kama kamba, na ukiifuata kwa kidole utaipata juu na chini. Aidha, wagonjwa wa ukoma, hata waliokwisha kuanza dawa, huweza kupata mwako wa ghafla wenye homa, vinundu vyekundu, neva zinazouma na tezi zilizovimba. Hali hiyo ni ya dharura, kwa kuwa neva huweza kufa kwa siku chache. Tafuta mabaka yasiyohisi, na upapase neva ya kiwiko.

VVU. Mwambukizwa huweza kuwa na tezi zilizovimba sehemu mbili au zaidi, mbali na kinena, kwa zaidi ya miezi mitatu, bila dalili nyingine. Kipimo cha VVU kifanyike kwa kila mgonjwa wa kundi tunalolijadili, kwa hiari na kwa siri, kwa kuwa matokeo yake hubadilisha uzito wa kila uwezekano mwingine.

Saratani. Henry Pancoast, mtaalamu wa picha za eksirei wa Marekani, alieleza mwaka 1924 na tena mwaka 1932 uvimbe wa ncha ya pafu unaoanza kwa maumivu ya bega. Maumivu hushuka upande wa ndani wa mkono hadi kidole kidogo, misuli ya kiganja hupungua, kope la upande huo hulegea na mboni hupungua. Kikohozi huenda kisiwepo kabisa. Saratani ya titi nayo hufika kwapani na juu ya mtulinga, ikazibana neva. Kwa hiyo kumpima bega mwanamke, na hata mwanamume, bila kupima titi ni kazi nusu. Saratani za tezi zenyewe huleta uvimbe unaokua, homa, jasho la usiku na kukonda.

Uvimbe wa ghafla wa mtandao wa neva. Mwaka 1948 Parsonage na Turner walieleza wagonjwa walioamka na maumivu makali ya bega yasiyo na jeraha, kisha, maumivu yalipopungua, misuli ya bega ikalegea. Mara nyingi maambukizi ya kirusi au chanjo hutangulia, na maambukizi hayo ndiyo huweza kuacha tezi zilizovimba kwa muda. Wengi hupata nafuu kwa miezi mingi au miaka. Hata hivyo, jina hili litolewe baada ya mengine kuondolewa, lisiwe kapu la kutupia kila bega lisiloeleweka.

Uchunguzi mahali pasipo na mashine

Msomaji anaweza kudhani kuwa orodha hii inahitaji hospitali kubwa. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwa maswali na vidole, kwa muda wa dakika kumi, hata katika zahanati inayofikiwa kwa boti.

1. Uliza muda, njia ya maumivu, homa, jasho la usiku, uzito, kidonda, safari za msituni, kifua kikuu katika kaya, sigara, na dawa zilizokwisha kutumiwa.
2. Mgonjwa avue shati, kwa staha na faragha. Linganisha mabega mawili. Angalia ngozi yote, kucha, masikio, kinywa na meno.
3. Papasa tezi kwa mpangilio: chini ya taya, mbele na nyuma ya shingo, juu ya mtulinga mgonjwa akivuta pumzi, kwapani mkono ukiwa umelegea, kisha kinena. Andika ukubwa kwa sentimita, si kwa maneno kama «kubwa» au «dogo».
4. Pima nguvu: kuinua bega, kukunja na kukunjua kiwiko, kufumba kiganja, kutanua vidole. Pima hisia kwa pamba.
5. Mwangalie akitembea. Miguu iliyoanza kukakamaa au kulegea inaonyesha kuwa uti wa mgongo umeshaguswa.
6. Weka ramani mbili juu ya nyingine. Uliza: ni mahali gani pamoja panapoweza kuiumiza neva hii na kuivimbisha tezi hii?

Swali hilo la sita ndilo moyo wa somo. Maumivu ya kidole kidogo na tezi ya juu ya mtulinga hukutana kwenye ncha ya pafu. Maumivu ya gumba na tezi za shingo hukutana kwenye mifupa ya shingo. Pasipo mahali pa kukutania, fikiria ugonjwa wa mwili mzima, kama VVU au malale.

Yanayochelewesha jibu

Jambo la kwanza ni dawa za jamii ya prednisoloni na deksamethasoni, zinazotafutwa na wengi katika maduka ya dawa kwa sababu hutuliza upesi. Huipunguza tezi kwa siku chache na kumfurahisha mgonjwa, lakini huweza kuuficha uvimbe wa saratani ya tezi usitambulike katika kipande kinachopimwa, na huupa kifua kikuu nafasi ya kuenea. Zisitolewe kabla sababu haijajulikana, isipokuwa kwa agizo la daktari mwenye sababu maalumu.

La pili ni kurudia antibayotiki. Mzunguko mmoja kwa tezi inayouma yenye chanzo dhahiri ni halali. Mzunguko wa pili kwa tezi ile ile unahitaji sababu iliyoandikwa.

La tatu ni umbali. Mgonjwa wa vijiji vya kusini, kama Buhingu au Kalya, hulipia safari ya ziwani kufika mjini, na anayehitaji matibabu ya saratani huenda akasafiri hadi Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa hiyo barua ya rufaa ibebe kila kilichopimwa, tarehe ya kuanza dalili na ukubwa wa tezi, ili safari hiyo isianze upya mezani pa daktari mwingine.

Nani apelekwe, na lini

Siku hiyo hiyo: mwenye miguu inayolegea au kushindwa kuzuia mkojo; anayepumua kwa shida; mwenye maumivu ya kifua; mwanamke mwenye dalili za kutoka damu ndani; aliyelala kupita kiasi au kuchanganyikiwa pamoja na homa; na mgonjwa wa ukoma aliyepoteza nguvu ghafla.

Ndani ya siku chache: mwenye tezi juu ya mtulinga ya ukubwa wowote, tezi ngumu au inayokua, misuli inayopungua, kope lililolegea, uvimbe kwenye titi.

Baada ya uangalizi wa wiki mbili: mwenye tezi isiyopungua licha ya kutibiwa chanzo kilichoonekana. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, ni mahali pa kuelekezwa wa kundi la pili na hili la tatu.

Wakati wa kusubiri, maumivu yatibiwe. Dozi ndogo ya amitriptilini usiku husaidia maumivu ya neva kuliko kurudia sindano za diklofenaki, ambazo huweza kudhuru figo na tumbo.

Zoezi la kujipima

Wagonjwa hawa ni wa kubuni kwa ajili ya kufundishia.

Wa kwanza ni mvuvi wa miaka 35. Bega la kushoto linachoma kwa siku tatu, na ana mtoki unaouma kwapani. Leo ameona malengelenge kuanzia bega hadi upande wa nje wa mkono. Jibu: mkanda wa jeshi, katika shina la nne na la tano. Aanze asiklovia leo, na apime VVU.

Wa pili ni mama wa miaka 28. Ana mitoki ya shingo kwa miezi mitatu, imeungana na haiumi. Sasa maumivu yanatoka kisogoni hadi gumba, amekonda, na juzi alijikwaa mara mbili. Jibu: kifua kikuu cha tezi na cha mifupa ya shingo, mpaka ithibitike vinginevyo. Kujikwaa kunamhamishia kundi la siku hiyo hiyo. Shingo ishikizwe isigeuke njiani.

Wa tatu ni mzee wa miaka 60, mvutaji wa sigara. Maumivu yanashuka hadi kidole kidogo, tezi ngumu iko juu ya mtulinga, kope la upande huo limelegea. Jibu: shaka ya saratani ya ncha ya pafu. Apigwe eksirei ya kifua, na msomaji wa picha aombwe kwa maandishi aangalie ncha zote mbili, kwa kuwa uvimbe hujificha nyuma ya mtulinga.

Hitimisho

Maumivu ya bega yanayoambatana na mitoki hayaitwi «yasiyojulikana» mpaka shingo, kwapa, titi, kinywa, sikio na mkono vimeangaliwa, na kipimo cha VVU, damu na majimaji ya tezi vimefanyika. Baada ya hapo watabaki wachache ambao kweli hatuna jibu lao. Hao nao wasiachwe: wapewe tarehe ya kurudi, tezi ipimwe tena kwa sentimita ile ile, na nguvu za mkono zilinganishwe na zilizoandikwa mwanzo. Ugonjwa ambao leo hauna jina mara nyingi hujitambulisha katika ziara ya pili au ya tatu, mradi aliyeuona mara ya kwanza aliandika alichokiona.